Picha Moja ya Kibo

Basi la Bomang'ombe lilipopita Shirimatunda, mawingu yalifunguka na Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ikatokea nzima. Avelina, aliyekusudia kusinzia hadi mwisho wa safari, akafumbua macho.

Mbele yake kijana mwenye kamera alimwambia bibi wa dirishani, "Bibi, naomba niiname hapo nipige picha."

"Amkia kwanza."

"Shikamoo, bibi."

"Si mimi. Yeye," bibi alisema, akiuonyesha mlima.

Kijana aliuamkia mlima huku akicheka. Kisha akaeleza shida yake. Alikuwa akichora Kibo ukutani mwa ukumbi wa kijiji, na wazee walishaikataa mara mbili, wakisema amechora kofia. Akikosea tena, kazi angepewa mwingine. Alitaka picha ya kunakili, lakini filamu madukani hakuna, na yake imebakiza picha moja.

"Si upige, basi!"

"Nikipima mwanga wa theluji, migomba inatoka nyeusi kama masizi. Nikipima migomba, theluji inapotea."

"Mbona macho yangu haya mabovu yanaona vyote?"

"Macho si kamera, bibi."

"Sasa unaiaminia nini?"

Avelina alitaka kumwambia bibi amwache mtu afanye kazi. Lakini jua lilikuwa limefika kileleni, na theluji ikawaka rangi ambayo yeye, mzaliwa wa hapo, hakuwa na jina lake.

Basi likasimama Bomang'ombe. Hakuna aliyeshuka. Kijana alisimama, kidole juu ya kitufe. "Theluji au migomba?"

"Kaa chini, baba," Avelina alisema. "Unanizibia."