Damson Lace Ameshushwa Alama Nne

Saa moja kamili asubuhi ya Jumanne, farasi jike Damson Lace alishushwa alama, kutoka 52 hadi 48. Kufikia saa saba mchana habari ilikuwa imefika kwenye benchi lililo mbele ya duka la mikate, uwanja wa soko wa Middleham, mji mdogo wa Uingereza unaoishi kwa farasi wa mbio. Hapo wazee wawili hunywa kahawa kila siku isiyo na mvua kubwa. Dennis Thackray ni mchinjaji mstaafu, wanamwita Mizani. Wilf Alderson alipiga kengele za kanisa miaka thelathini; wanamwita Askofu. Aliyeleta habari ni Hilda Raistrick, chupa ya kahawa mkono mmoja, simu mkono mwingine. Farasi ni wake. Damson Lace amefikisha miaka tisa, na mbio za Jumatatu ya sikukuu, katika uwanja wa jirani, zingekuwa za mwisho kabla ya kustaafu malishoni. Hilda hajawahi kumwona akikimbia karibu na nyumbani.

— Nne nzima, alisema Mizani. Kila alama ni ratili moja mgongoni. Farasi wa juu kabisa Jumatatu ana sitini, wako ana arobaini na nane. Atabeba ratili kumi na mbili pungufu. Unazijua ratili kumi na mbili, Hilda? Mapaja mawili ya kondoo.

— Mtaka cha mvunguni sharti ainame, alisema Askofu.

— Sasa hiyo inaingiaje hapa?

— Si ameshuka? Basi ameinama.

Hilda alimimina kahawa. Tangu Aprili alikuwa akiiombea alama hiyo ishuke, na sasa imeshuka maradufu ya alivyotarajia.

— Mimi nilidhani watatoa mbili tu, alisema.

— Mkadiriaji, yule mpanga alama, alimwona kwenye tope mbio zilizopita, alisema Mizani. Wa kumi na moja kati ya kumi na mbili. Akamhurumia.

— Tope wapi, bwana. Ni mkia, alisema Askofu. Siku ile mkia ulikuwa umesukwa. Mkadiriaji akiona mkia umesukwa anajua huyu bibi anaaga.

— Acha hizo, Wilf. Ni njaa. Yule mtu anazikata alama kabla ya kifungua kinywa. Nimekata nyama miaka arobaini, nakwambia mwenye njaa anakata vipande vikubwa.

— Na farasi mwenyewe je? Alijua.

— Alijua nini?

— Kwamba alama zimemzidi. Akakimbia taratibu ili apunguziwe mzigo.

— Kwa hiyo anasoma gazeti.

— Sijasema gazeti. Anasikia. Mpwa wa Hilda anayemtunza anaongea na simu mle bandani mwake.

— Mpwa wangu akiongea na simu, hadi Leyburn, mji wa jirani, wanasikia, alisema Hilda, akacheka mpaka kahawa ikamwagika kwenye koti.

Wakati huo Priya Nambiar alitoka dukani na andazi lake. Ni mfamasia mpya, wiki ya tatu mjini. Mizani alimsogezea nafasi na kumweleza yote, hata mapaja ya kondoo. Priya alisikiliza hadi mwisho.

— Walioandikishwa ni wangapi?

— Ishirini na saba. Uandikishaji umefungwa saa sita.

— Na wote watakimbia?

— Hapana, mama. Milango ya kuanzia ni kumi na sita.

— Wakizidi?

— Wanakatwa kwenye orodha.

— Wanakatwa kuanzia juu au chini?

Mizani alikiweka kikombe chake benchini. Jibu alilijua. Kila mtu wa Middleham analijua tangu shule ya msingi. Lakini tangu Aprili walikuwa wanahesabu ratili, si milango.

— Chini, wenye alama ndogo, alisema Hilda.

— Basi mbona mnafurahi ameshuka?

Askofu alianza methali, akaiachia njiani. Hilda alifungua simu na kupitisha kidole kwenye majina, moja baada ya jingine. Chini ya farasi wake walikuwa wawili tu.

— Wa ishirini na tano, alisema. Angebaki na hamsini na mbili angekuwa wa kumi na nne.

— Kwa hiyo tisa walio juu yake wajitoe, alisema Mizani.

— Tisa.

— Samahani, alisema Priya. Nimewaharibia kahawa.

— Hujaharibu kitu, mwanangu. Afadhali nijue leo. Kula andazi lako.

— Mwenda pole hajikwai, alisema Askofu.

— Wilf, huyu ni farasi wa mbio.

Hilda alicheka tena, safari hii kidogo, akawagawia kahawa iliyobaki. Priya alipewa kifuniko cha chupa kwa kukosa kikombe.

Saa nne asubuhi ya Jumamosi, muda wa kuthibitisha nani atakimbia ulikwisha. Wenye farasi kumi na mmoja hawakuthibitisha: wawili walio chini ya Damson Lace na tisa walio juu yake. Jina lake lilichapishwa la kumi na sita, la mwisho.

Alikimbia Jumatatu saa tisa na dakika ishirini alasiri, akiwa na ratili kumi na mbili pungufu ya farasi wa juu. Alimaliza wa saba. Hilda alikuwa kwenye uzio wa mbao, upande wa mstari wa kumalizia, akitazama.