Harufu ya Kahawa ni ya Nani

Hebu vuta picha. Ni Jumamosi asubuhi mjini Moshi, mtaa wa Mawenzi, na mvua za kwanza za vuli zimeshaanza kuosha vumbi. Mbele ya duka la pampu na mabomba kuna benchi refu la mbao, na kando yake jiko la mkaa lenye birika la kahawa. Mlima umejivua mawingu, unaonekana mpaka kileleni. Watu wanne wamekaa. Mwenye duka ni Mzee Hasmukh, wanayemwita Babu Pampu. Anayefuata ni Shedrack, fundi redio, jina lake la pale ni Mnara, kwa sababu kila balaa hulitupia mnara wa simu. Wa tatu ni Yohana, muuza viatu anayeongoza sala katika jumuiya yao, kwa hiyo ni Mahubiri. Wa nne ni Thadeus, mkulima wa Uru, mjane, ambaye wote humwita Meku, kama wazee wanavyoitwa huko juu. Ameshuka na pampu ndani ya gunia, na kikombe chake bado hajakigusa.

– Meku, kunywa kwanza, alisema Hasmukh. Pampu haikimbii.

– Kahawa siitaki hata kuiona. Chukua pampu yako. Jumatatu anakuja kijana mwenye chenso, ananikatia mibuni yote.

– Yote? Hata ile ya marehemu mkeo, Hilaria?

– Hiyo ndiyo yote. Nitapanda parachichi.

Shedrack aliweka kikombe chini.

– Aisee. Mibuni imekukosea nini?

– Pandeni huko juu mkajionee. Uru nzima ni nyeupe kwa maua. Kwa Primus, ng'ambo ya korongo, nyeupe. Jirani wa juu, nyeupe. Jirani wa chini, nyeupe. Kwangu kuna ua hapa, ua pale, kama mtu amepita na unga kwenye mfuko uliotoboka. Mungu amekitembelea kijiji chote, alipofika kwangu akaniruka.

– Usiseme hivyo, alisema Yohana.

– Niseme nini? Tangu nimzike Hilaria nasubiri aniambie kitu. Sasa ameniambia.

Yohana alivuta benchi karibu. Hapo wenzake wakajua anaanza.

– Mungu hamruki mtu bila sababu. Tuulizane taratibu. Masale yaliyopandwa kwenye mpaka wa kihamba chako, hilo shamba la ukoo, yako palepale?

– Aliyapanda babu yangu. Hata mbuzi hawayasogelei.

– Shukrani ya mavuno ulipeleka kanisani?

– Mkungu mzima wa ndizi. Na wewe ulizila.

– Hizo zilikuwa ndizi zako?

– Ulisema ni tamu.

Shedrack alicheka peke yake, kisha akainua kidole.

– Mwacheni Mungu, ana kazi nyingi. Tazameni ule mnara uliosimikwa juu kwenye mteremko. Mawimbi yake yanashuka mchana na usiku. Yakikigonga kitumba cha ua, kinasinzia.

– Na kwa Primus mawimbi hayafiki? aliuliza Thadeus.

– Primus ana bati jekundu. Linayarudisha.

– Mnara, wewe una wazimu, alisema Hasmukh kwa upole. Mimi nimezaliwa mtaa huu. Kila siku nikifungua duka nautazama ule mlima kabla sijatazama kitu kingine. Nilipokuwa mtoto, barafu ilishuka chini sana kuliko leo. Mlima umezeeka pamoja na mimi. Zamani ulivuta pumzi moja tu, mashamba yote yakachanua. Sasa pumzi inakatikakatika. Shamba moja inalifikia, jingine hailifikii.

– Kwa hiyo mlima una pumu, alisema Shedrack.

– Nani kakwambia hauna?

Yohana hakutaka kushindwa na mlima wenye pumu.

– Meku, nitasema jambo, usinikasirikie. Mibuni ile ilizoea sauti ya Hilaria. Alikuwa akipalilia huku anaimba nyimbo za kwaya, sauti ya pili. Tangu tumemzika, shamba lile halijasikia wimbo. Miti imegoma. Inaomboleza.

Safari hii hakuna aliyecheka. Thadeus alikitazama kikombe chake.

– Nimeitunza kuliko hata alivyoitunza yeye, alisema. Kama imegoma, imegoma kwa nani?

Wakati huo alifika dada mmoja kutafuta koki ya bustani ya shule. Alikuwa Harleen, mwalimu wa baiolojia, binti wa fundi magari Kulwant ambaye wazee wale wote waliwahi kumpelekea gari au pikipiki.

– Shikamooni wazee.

– Marahaba, mwanangu, alisema Hasmukh. Kaa hapo. Wewe unafundisha mimea. Huyu mzee anasema Mungu amemruka, huyu anasema ni mnara, huyu anasema miti inalia.

– Na yeye mwenyewe anasema mlima una pumu, alisema Shedrack.

Harleen alipokea kikombe, akaomba asimuliwe upya tangu mwanzo. Alisikiliza bila kumkatiza mtu. Kisha akamgeukia Thadeus.

– Baba, kiangazi hiki ulikuwa unamwagilia?

– Mwanzo mpaka mwisho. Ndiyo sababu nilinunua pampu. Maji ya mfereji yalipopungua nikayavuta kutoka korongoni. Mibuni ya wenzangu ilinyong'onyea, majani yakaning'inia kama masikio ya mbuzi. Yangu haikulala na kiu hata mara moja.

– Hukufikiria kuiacha kidogo?

Thadeus alilikunjakunja gunia.

– Mke wangu, siku zake za mwisho hospitalini, madaktari walikataza asinywe. Nilikuwa nalowesha pamba, nampaka midomoni. Akaniomba maji, mwanangu. Mimi, niliyeoana naye ujanani, sikumpa. Nilipotoka makaburini nikasema, kitu cha Hilaria hakitaona kiu tena mbele ya macho yangu.

Mkaa ulipasuka jikoni.

– Baba, hujarukwa, alisema Harleen. Ua la kahawa hutengenezwa mapema, likiwa dogo kama kichwa cha kiberiti. Kisha linalala. Na ili liamke vizuri linahitaji kile kiangazi. Ile kiu ndiyo inayolikomaza. Mvua ya kwanza ikigonga, vitumba vyote vilivyokuwa vinaisubiri vinashtuka kwa pamoja, na siku chache baadaye vinafunguka asubuhi moja, kwa jirani wa juu, kwa jirani wa chini, kwa Primus. Vya kwako havikupata kiu. Mvua ilipokuja havikuitambua, kwa sababu kwao ilikuwa inanyesha siku zote. Ndiyo maana vinafunguka kimoja kimoja.

Thadeus aliitazama pampu ndani ya gunia.

– Kumbe ni maji tu, alisema Shedrack. Mahubiri, Mungu wako hayumo humo.

– Mnara wako umo?

– Haumo. Lakini na yeye hayumo. Ni maji.

– Ngoja, alisema Yohana, na sasa sauti yake haikuwa ya kuhubiri. Kitu kidogo kama kichwa cha kiberiti. Ndani yake kuna ua lililokunjwa. Linakaa gizani, jua linachoma, majani yananing'inia, nalo linangoja. Na likisikia mvua linajua, ndiyo hii. Wewe hilo unaliita maji tu?

– Nimeuza pampu maisha yangu yote, alisema Hasmukh. Nyingine zinasukuma maji mpaka kijiji cha mwisho huko juu. Sijawahi kuuza pampu inayojua kusubiri.

Shedrack alikuna kidevu.

– Haya, nakubali, ua lenyewe ni fundi mzuri. Lakini bado ni hesabu. Ua linakuwa jeupe, linanukia, nyuki anakuja, mbegu inapatikana. Mwisho wa hesabu.

– Hapo ndipo na mimi ninapokwama, alisema Harleen.

– Wewe, mwalimu?

– Mimi mwalimu. Kahawa yetu ya huku, arabika, kwa sehemu kubwa ua lake hujichavusha lenyewe. Nyuki wakija wanasaidia, matunda yanaongezeka. Wasipokuja, bado litazaa. Zipo sababu tunazotoa, za zamani za mimea, na wanafunzi wangu wanaziandika vizuri. Lakini jana nilikuwa huko Uru asubuhi, nikasimama barabarani nikashindwa kuondoka. Sasa nawauliza ninyi wazee. Harufu yote ile, mteremko mzima, na kwa siku mbili tatu tu. Ni ya nani?

Shedrack alitazama mlima. Yohana alivua kofia, akaishika magotini. Hasmukh aliinua birika kuwaongezea, likatoa matone mawili na machicha. Hakuna aliyelalamika.

Aliyesema ni Thadeus.

– Hilaria alikuwa anaijua siku yenyewe. Anaamka bado giza, hata mimi sijasikia kitu, anafungua madirisha yote. Anafungua mlango wa jikoni, anafungua na banda la ng'ombe. Nasema, mama, baridi. Ananiambia, nyamaza, tumeletewa.

– Mmeletewa na nani? aliuliza Hasmukh.

– Sikuwahi kumwuliza. Nilidhani anasema mvua.

Alitoa simu, akaishika mbali na macho kutafuta jina.

– Kijana, Jumatatu usije. Hapana, sijapata mwingine. Miti yenyewe ni mizima. Ilikuwa inangoja, mimi ndiye niliyeisumbua.

Alirudisha simu mfukoni, akalisukuma gunia kwa mguu mpaka karibu na Hasmukh.

– Nitunzie. Nikikaa nayo, kiangazi nitaiwasha. Itakuwa vigumu kuitazama mibuni ikiwa na kiu.

– Tutapanda mlimani tukae na wewe, alisema Yohana. Nami nitaiimbia sauti ya pili.

– Wewe usiimbe. Itagoma kweli.

Walicheka wote, na Thadeus mwenyewe alicheka, kwa mara ya kwanza tangu msiba.

– Baba, kwa Primus maua bado yamechanua? aliuliza Harleen.

– Leo na kesho, labda. Upepo wa asubuhi hutoka upande wake kuja kwangu.

– Basi hata kwako harufu inafika.

– Ingefika. Madirisha nimeyafunga tangu mazishi.

Alisimama, akainywa kahawa yake, iliyokuwa imepoa kabisa, mpaka tone la mwisho. Akaaga, akashika njia ya kupanda, akitembea haraka kuliko alivyokuja.

Nakuomba ukumbuke kitu kimoja tu. Ukilala nyumba ya watu huko mlimani, ukamsikia mwenyeji wako anaamka bado giza na kufungua madirisha, usimwambie kuna baridi.