Vyombo vya Mwalimu

Benchi lenyewe ni ubao mmoja uliolazwa juu ya matofali, ubavuni mwa karakana ya baiskeli, na ukikaa vibaya linakubinua. Jioni za siku za kazi hukaliwa na walewale. Kuna Spana, mwenye karakana, ambaye mikono yake haijawahi kutakata hata siku ya ibada. Kuna Waziri, mzee mstaafu aliyekuwa tarishi wa ofisi kubwa. Kwa kubeba bahasha za wakubwa miaka yote hiyo anaamini alizisoma. Kuna Mama Birika, anayeuza kahawa na kuwakatiza watu maneno. Na mwisho wa ubao kuna Mwalimu wa hesabu, aliyefiwa na mke mwaka jana, ambaye hununua kikombe kimoja akakinywa mpaka giza liingie, maana nyumbani hakuna anayemngoja. Ashukuriwe Mungu kwa benchi. Wapo ambao hata hilo hawana.

Jioni hiyo Mwalimu alikuta mahali pake pamewekwa gunia. Akalifungua. Sufuria mbili, moja haina mfuniko. Sahani za bati. Mwiko. Chupa ya chai iliyopoteza kizibo.

— Ya nani haya?

— Yako, alijibu Spana, macho yakiwa kwenye mnyororo anaoupaka grisi. Si ulisema juzi unatafuta vyombo? Tumechangachanga. Hizo sahani zimetoka kwa mama watoto wangu, amesema usirudishe.

Mwalimu akabaki na sahani mkononi. Ni kweli alisema hivyo. Alikuwa amemwomba mwalimu mkuu kipindi cha muziki kwa darasa la tatu, na mwalimu mkuu amekubali kwa shida, kwa sharti kwamba kesho asubuhi aonyeshe zana za kufundishia. Asipokuwa nazo, kipindi kinarudi kuwa hesabu. Wenzake shuleni walimshangaa, mtu wa kugawanya na kuzidisha kataka nini kwenye ngoma. Hakuwaambia kwamba nyumba yake imekuwa kimya kiasi kwamba akiwa chumbani anasikia bomba la jikoni likidondosha maji. Alitaka tu mara moja kwa wiki asimame mahali palipojaa sauti.

— Vyombo vya muziki, alisema taratibu. Ngoma, kayamba, filimbi. Vya watoto.

Mama Birika alicheka mpaka akaweka birika chini. Akakiri kwamba yeye alijua Mwalimu anaoa, na binamu yake alishaanza kuambiwa ajiweke tayari. Spana naye alidhani ndugu wa marehemu walikomba jiko lote baada ya msiba, na rafiki yao anakula juu ya gazeti.

— Mimi nilidhani ni vyombo vile vingine, vya dola, alisema Waziri kwa sauti ya chini. Wale wa gari lisilo na namba. Nikajua wanakutafuta wao. Ndiyo maana juzi nilikaa kule mbali. Unisamehe, Mwalimu.

Wote wakacheka, Mwalimu pia. Mwaka mzima hakuna aliyemuuliza anakula nini. Leo huruma yao yote imekuja kwa mkupuo, na imekuja kwa kukosea neno.

Basi kijiwe kikakaa kikao cha muziki. Spana alisema kuhangaika madukani ni ushamba: bomba za fremu ukizikata fupi kwa ndefu zinalia kila moja sauti yake, pampu ya baiskeli ni kinanda kilichokosa malezi, na friji bovu ukilivua mlango linakaribia kuwa piano. Waziri alimsikitikia. Vyombo vya shule zote, alisema, viliagizwa zamani, bahasha aliibeba kwa mikono yake. Vimefungiwa ghalani kwa sababu wakubwa waligundua mtoto akishajua kuhesabu mapigo hadanganyiki tena kwenye hotuba. Mama Birika akaongeza kuwa ghala hilo analijua, lina piano ambayo kuku wametagia, na vifaranga wao wote hulia kwa kupatana.

— Basi hao kuku shule iwaazime, alisema Spana.

Mwishowe waliafikiana kwamba sufuria ikigeuzwa ni ngoma na sahani mbili ni matoazi. Gunia likafungwa upya. Mwalimu akaliweka miguuni pake. Kesho atakuwa na cha kuonyesha.

Pembeni alikuwa amesimama mwanamke mgeni, fundi cherehani aliyehamia chumba jirani na karakana wiki hiyo, vipande vya uzi bado vimemganda kwenye mkono wa gauni, anasubiri kahawa yake.

— Samahanini jamani, alisema. Hao watoto wataimba wimbo gani?

Spana alifungua kinywa, lakini wimbo uliomjia ulikuwa wa baa, akaona haya mwenyewe. Waziri alianza ule wa kupokea wageni wa heshima, mstari wa pili akasema na kadhalika. Mama Birika alikuwa nazo nyingi, zote za ibada, na darasani mle kila mtoto ana dini ya kwao.

— Na wewe, Mwalimu? aliuliza yule mgeni.

Alikuwa nao. Aliuimba puani, bila maneno, kichwa chini. Ulipanda kidogo, ukapinda kama mtu anayegeuka kumtazama aliye nyuma, kisha ukakatika.

— Mbona umeishia hapo? aliuliza Spana.

— Mbele siujui. Mwenzangu alikuwa anauimba jikoni. Akifika hapo chakula kimeiva, ananiita.

Mama Birika aliinamisha birika juu ya kikombe cha mgeni. Hakikutoka kitu. Waziri alisimama, akamgusa Mwalimu bega, akasema watoto wapewe hivyohivyo, huenda wataumalizia wenyewe. Halafu mmoja mmoja wakaondoka, kila mtu kwao.

Mwalimu alibaki na gunia lake. Akauanza tena ule wimbo, polepole. Alipofika pale akanyamaza, akasubiri kuitwa.