Mbegu Zangu Nazo Zilizeeka

Jina la Bwana litukuzwe, ndugu zangu! Shule niliiacha mapema, lakini leo nitasema.

Asubuhi moja pale Kikwajuni, mke wangu Neema alikunja nguo zake akatoka, hajui aendako. Nikamfuata, nami sijui. Alikuwa amechoka. Dada yangu Tabu alimletea dawa za mizizi kila wiki ili azae, na wakandaji walimkanda tumbo mpaka akalia. Mimi sikuguswa. Nilishapita hamsini, lakini Tanga nina binti niliyempata ujanani. Nani angenishuku?

Mbele ya zahanati moja Neema akasimama. "Mie nshapimwa kila kitu," akasema. "Umebaki wewe. Ingia, au napanda boti ya Dar peke yangu."

Niliingia naye, nikapimwa mbegu. Majibu yalipotoka nilimwuliza daktari maswali mpaka akacheka. Kumbe mwanamume hutoa mbegu hadi uzeeni, ila umri unavyokwenda hupungua nguvu, na nyingi huwa na kasoro! Sigara huzidisha kasoro, nami nilivuta; joto pia, na kazi yangu ilikuwa kuchoma mikate ya boflo, siku nzima mbele ya tanuri. Binti wa ujanani si ushahidi wa leo.

"Zako zipo, mzee," akasema, "ila zinatembea kwa uchovu kama zimetoka kulima shamba. Mkeo hana tatizo."

Ndugu zangu, nilimwona Neema akishusha mabega kama aliyetua mzigo! Dada Tabu nilipomweleza alibisha kwamba mwanamume huzeeka magoti, huko hazeeki. Nikamwomba ile mizizi anywe mwenyewe. Hakuleta tena.

Niliacha sigara, nikaacha tanuri. Daktari hakutuahidi kitu. Tukaomba, tukangoja, miezi ikapita. Nami sikai mahali pamoja, nikapata kazi ya bustani Nungwi, tukahama.

Tulifika mchana, tukatafuta chumba. Mwenye nyumba, Bi Mwanajuma, akauliza tuko wangapi, maana chumba ni kidogo. Nikasema wawili.

"Watatu, Bi Mwanajuma," akasema Neema. "Wa tatu bado yuko njiani."

Nilikuwa nimebeba godoro. Nikalitua, nikalikalia, nikacheka na kulia pamoja. Asante, Bwana!

Ndugu yangu ambaye mkeo anakunywa dawa peke yake, mtumaini Mungu, na kapimwe nawe. Ukiona haya, niite. Nitakusindikiza mpaka mlangoni.