Siku Niliyomshika Baba Mkwe

Mama mwenyekiti, shikamoo. Na ninyi wenzangu wa kikundi, nawasalimu. Haya ninayoyasema yananitia aibu hata sasa, mnivumilie.

Nilisomea fiziotherapia, kazi ya kumrudishia mtu nguvu za viungo kwa mazoezi. Niliomba ajira kila mahali, sikupata. Nikaolewa huku Kemambo, nikashika jembe. Bombani, wanawake waliokuja kuchota maji wakawa wananiuliza, "Kwa hiyo ulisomea kukanda wanaume mapaja?" Nikaacha kabisa kutaja chuo.

Kisha baba mkwe akapata kiharusi, upande wa kulia ukalala. Hospitali wakamruhusu, wakasema afanyishwe mazoezi kila siku. Wa kumfanyisha ni nani? Ndugu zangu, nawaambia, mnajua kwetu mkwe hamgusi baba mkwe, hata mkono hampi. Basi nikawa nasimama nje ya mlango, namwelekeza mama mkwe. "Mkunje goti, mama. Taratibu."

Siku ya kumsimamisha, mama hakumweza. Wakaanguka wote wawili. Nikaingia. Mzee alikuwa chini, shuka limemtoka, akageuzia uso ukutani. Nilitamani ardhi inimeze.

"Baba, nikaite wanaume?"

Ulimi wake ulikuwa mzito. "Wanaume watanibeba tu," akasema. "Wewe nisimamishe."

Nikamfunika, nikamshika kiunoni, akasimama. Analia, nami nalia.

Maneno yakaenea. Wengine waliacha kuniitikia salamu. Shemeji zangu wakamjia juu mume wangu, naye akawauliza, "Nani kati yenu anaweza kumsimamisha baba?"

Mzee alipoweza kutembea kwa fimbo, alikwenda mwenyewe kituo cha afya, akamwambia mganga mfawidhi, "Miguu hii imesimamishwa na mkwe wangu. Mpeni kazi." Wakanipa mkataba. Si ajira ya kudumu, lakini wagonjwa wanakuja, hata vijana wa Nyangoto walioumia kwenye mashimo ya dhahabu.

Namshukuru mama mkwe, mume wangu, na ninyi mliopalilia shamba langu nikiwa ndani na mgonjwa. Mwenye binti aliyesomea kazi inayochekwa, asimfiche. Yupo anayemhitaji.

Aibu yenyewe haijaisha. Mimi na baba mkwe hatutazamani usoni mpaka leo. Ila saa ya mazoezi ikifika, ananyoosha mkono mwenyewe, nami naushika.