Nyuzi Sita za Fundi Romani

Baba Paroko, wazee wetu, ndugu, majirani, na ninyi nyote mlioacha kazi zenu kuja kukaa nasi, poleni na asanteni kwa kufika. Familia imeniagiza mimi, Jenipher, mtoto wa mwisho wa marehemu, nisome maisha yake. Ilikuwa asome kaka yangu Benjamin, lakini amesema sauti yake haitafika mwisho, nami nimesema yangu tutaona.

Marehemu Romani Apolinari Chilumba alizaliwa tarehe 9 Machi 1960 katika kijiji kimoja karibu na Ndanda, wilaya ya Masasi, mkoa wa Mtwara, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba wa mzee Apolinari, mchonga vinyago, na mama Filomena, mkulima wa korosho, na bibi alitusimulia kwamba alizaliwa wakati ugali unapakuliwa, ndiyo maana hakuna mtu aliyewahi kumkuta hayupo saa ya chakula cha mchana.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1969 na kumaliza la saba mwaka 1975, hakuchaguliwa kuendelea, akabaki kwa baba yake kujifunza kuchonga, na babu alikuwa na utaratibu wake, kabla hujashika patasi unafumba macho na kuupapasa mpingo mpaka useme ufa uko wapi, na ukikosea unafagia karakana, na Baba alikiri kwamba mwaka wa kwanza alifagia sana.

Februari 1979 alikuja Dar es Salaam akapokelewa Keko na fundi Twaha Mkumba, aliyekuwa na karakana ya vitanda kando ya barabara, na mke wa fundi huyo, Bibi Samiha, ambaye yuko nasi hapa leo, alimwekea sahani kila siku bila kuombwa, na mwezi wa Ramadhani, huku nyumba nzima imefunga, alimfichia chupa ya chai nyuma ya rundo la mbao, kwa sababu alijua kijana ni Mkristo na ana aibu ya kusema ana njaa. Baba alitusimulia habari ya chai hiyo mara nyingi kuliko habari ya kitu chochote alichowahi kutengeneza.

Mwaka 1986 alifika pale Keko kijana mmoja wa dukani, Hamoud, ambaye sasa ni mzee Hamoud, akiwa na mlingoti wa boti ya tanga uliovunjika, akatafuta fundi wa kuuunga, na vijana wa karakana wakamcheka, “Bosi, sie watu wa vitanda, labda tukuchanie chaga za kitanda.” Baba akafumba macho, akaupapasa ule mti, akasema, “Umevunjikia hapa, lakini ulianza kuoza hapa,” akaonyesha shubiri mbili chini zaidi. Hamoud akamchukua siku hiyo hiyo mpaka Kawe, kwenye klabu ya boti za tanga, na Baba hakurudi kwenye vitanda tena.

Kwa wasioijua kazi yake, mlingoti wa boti hausimami wenyewe, unashikwa na nyaya za chuma zinazotoka juu mpaka ubavuni mwa boti, na waya mmoja ukikatika mkiwa baharini, mlingoti wote unawaangukia vichwani. Kwa hiyo kila mwaka, kabla ya msimu wa mashindano kufunguliwa mwezi Juni, Baba alikaa kwenye ubao wake, akavutwa kwa kamba mpaka juu, akashuka taratibu akikagua makapi ya kupitishia kamba na pini, akibadilisha kamba zilizolika, na akipitisha vidole vitupu kwenye kila waya, maana waya ule umesukwa kwa nyaya nyembamba kumi na tisa, yeye aliziita nywele, na unywele mmoja ukikatika jicho halioni, kidole ndicho kinachochomwa. Akiridhika alifunga uzi mwekundu chini ya mlingoti, na pale klabuni hakuna mtu aliyetoa boti msimu mpya bila uzi wa Romani. Kazi hiyo aliifanya miaka thelathini na tisa bila kujua kuogelea, akisema kazi yake iko juu, ya chini waulizwe samaki.

Huko huko juu ndiko alikoonekana na mama yetu, Adelina, aliyekuwa akiuza mihogo ya kukaanga karibu na klabu, akamwambia mwenzake, “Yule akianguka, nani atamlilia?” na mwenzake akamjibu, “Si wewe, mbona muhogo unaungua?” Walifunga ndoa takatifu tarehe 20 Oktoba 1990, wakajaliwa watoto watatu, Benjamin mwaka 1992, Editha mwaka 1995 nami mwaka 1999, na wajukuu watano, na wajukuu hao aliwabeba mgongoni kwa kanga bila kujali nani anacheka.

Mwaka 2017 aligundulika kuwa na kisukari, akanywa dawa zake vizuri, akaacha soda kwa manung'uniko, akaendelea na kazi. Sasa hapa naomba mnivumilie niseme kwa urefu, kwa sababu mwenyewe aliagiza jambo hili lisomwe, lisifichwe.

Alhamisi tarehe 19 Juni mwaka huu, siku mbili kabla ya msimu kufunguliwa, nilimpelekea uji asubuhi katika bakuli la bati, umetoka motoni sasa hivi, mimi nimelishika kwa kitambaa, yeye akalipokea kwa mikono mitupu akaendelea kuzungumza. Nikasema, “Baba, weka chini, unaungua!” Akaniuliza, “Naungua wapi?” Tukaviangalia vidole vyake pamoja, vimeiva, na yeye hasikii kitu, kisukari kimeshaua hisia. Akasema, “Jeni, mwezi huu nimefunga nyuzi sita.”

Boti sita, na zote zilikuwa zinatoka na watu Jumamosi ile, na ya mzee Hamoud ilikuwa inatoka na wajukuu wake wawili, Usama na Khulud. Mama, kwa kumwonea huruma, akamshauri, “Baba Benja, waambie tu unataka kurudia ukaguzi, basi, usijidhalilishe.” Akasema, “Adelina, nikisema narudia wataniacha nirudie, na nitarudia kwa vidole hivi hivi.” Aliogopa, ndugu zangu, tusiseme hakuogopa, alisema watu watamwita fundi anayegawa nyuzi kama peremende, na jina ndilo kitu pekee alichokuwa nacho cha kuwaachia watoto. Kisha akachukua mkasi wa Mama wa kushonea, nami nikambeba mwanangu mgongoni, tukaenda kwa miguu mpaka klabuni, akawaomba wenye boti wafike, na mbele yao akazikata nyuzi zake zote sita kwa mkono wake, akiwaeleza sababu kila mmoja.

Mzee Muntasir, mmoja wa wenye boti, ambaye ameniruhusu nimtaje, alikasirika, akasema, “Kwa hiyo mwaka jana nimekwenda kwa kudra za Mungu?” Baba akamjibu, “Mwaka jana vidole vilikuwa vinahisi. Mwaka huu havihisi, na nimechelewa kujua, hilo ni kosa langu.” Mzee Hamoud akasema, “Romani, wajukuu zangu wanalala na makoti ya kujiokolea tangu Jumatatu!” Baba akasema, “Waache walale nayo wiki nyingine.”

Akapigiwa simu Benjamin, ambaye anatengeneza makabati Keko, akaja akafungwa kwenye ubao huku akilalamika, “Baba, mie fundi makabati!” na Baba, amekaa chini kwenye kiti cha plastiki, anamjibu, “Kabati halina upepo ndiyo maana umenenepa, panda!” Watu wanne walimvuta. Baba akaniomba pamba ya mtoto iliyokuwa kwenye mkoba wangu, akasema vidole vya Benjamin vimejaa gundi ya mbao, havitasikia unywele, ila pamba ikipitishwa itanasa. Boti ya kwanza pamba ilishuka safi, ya pili safi, ya tatu na ya nne safi, ya mzee Muntasir ikiwa katika hizo, na watu wakaanza kutazamana kana kwamba mzee wa watu amejiaibisha bure. Kwenye boti ya tano, ya mzee Hamoud, waya wa kushoto, juu kabisa, Benjamin akapiga kelele, “Baba, inanasa!” Baba akauliza, “Mara ngapi?” Akajibu, “Tatu!” Tukatazama juu, tukaviona vishungi vitatu vyeupe vya pamba vinapepea kwenye waya ule. Mzee Hamoud alikaa chini mchangani na kanzu yake nyeupe.

Ya sita ilikuwa nzima. Waya mbovu ulibadilishwa, boti ya mzee Hamoud ikakosa siku ya ufunguzi, siku ambayo upepo ulichana matanga ya boti mbili, ikatoka Jumamosi iliyofuata na watoto ndani, na Baba akiwa ufukweni anakula mihogo. Tangu siku hiyo hakukagua tena, alikaa kwenye kiti chake akiwafundisha Benjamin na mafundi wengine wawili, na kwa kweli alifurahia sana kufoka bila kupanda.

Mwezi Agosti figo zake zilianza kushindwa, akalazwa mara tatu, na Jumatano tarehe 8 Oktoba 2025, saa nne asubuhi, alifariki dunia akiwa ameshikwa mkono na Mama.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, hasa sista Kokushubila, aliyekuwa akipasha viganja vyake joto kabla ya kumgusa mgonjwa ingawa alijua mgonjwa hasikii. Tunawashukuru majirani zetu wa Kawe kwa maturubai, maji na sufuria, Bibi Samiha aliyekuja kutoka Keko na chupa ya chai mkononi, jumuiya yetu ndogo ndogo, na wafanyakazi wa klabu waliofunga kazi leo.

Leo asubuhi Benjamin alitoka uani kuuliza nani watalibeba jeneza kutoka nyumbani mpaka kwenye gari. Wakasimama wenye boti, wote sita, bila kupangwa. Mzee Muntasir alitangulia, akashika upande wa mbele, akakataa kupokewa, na Usama na Khulud wakatembea pembeni ya babu yao, wazima, wakiwa wameshika maua.

Baba, uliogopa watu watakuitaje. Leo tumeona wanavyokuita, kwa mabega yao. Mikono yako imefanya kazi ya kutosha, Mungu aipumzishe katika amani yake.