Mzee Taratibu na Tochi Iliyomsingizia

Miaka thelathini na moja barabarani, na Ijumaa hii tarehe 30 anakabidhi funguo. Ndugu wafanyakazi, anastaafu dereva wetu mkongwe wa pikipiki ya maabara, yule tunayemwita Mzee Taratibu. Nimepewa mimi kuandika kwa sababu kitengo chetu kizima hakuna anayenizidi kalamu, na anayebisha alete yake.

Kazi yake ni kubeba damu. Anaichukua kliniki asubuhi na mchana, anaifikisha maabara ikiwa nzima. Damu ikitikiswa sana huharibika, na mgonjwa inabidi achomwe sindano upya. Ndiyo maana mzee haendi mbio. Sisi vijana tukimpita tunampungia mkono kama tunamuaga safari; yeye anajibu kwa honi moja ya heshima. Akina dada wa maabara wanasema hawajawahi kukataa chupa yake hata moja. Zangu wamekataa, lakini leo si siku yangu.

Sasa habari ya tochi. Kila mwenye pikipiki anaijua: askari anajibanza nyuma ya nguzo, anakumulika na kile kipimo cha mwendo, ukija kushtuka umeshaandikwa. Sisi tuna dawa yetu. Anayetoka mbele akijigonga helmeti mara mbili, ujue tochi ipo. Tunapunguza, tunapita wapole kama bwana harusi. Mzee hakuwahi kuhitaji ishara hiyo. Alikuwa akituambia, "Wanangu, mimi nipunguze nini?"

Basi mwezi uliopita ikaja karatasi: Mzee Taratibu, kilomita tisini na tatu kwa saa, penye hamsini. Tisini na tatu! Ile pikipiki hata ukiitupa kutoka ghorofani haifiki huko. Na picha waliyoambatanisha wenyewe inaonyesha pikapu nyeupe imemganda begani. Mwanga wa tochi ukienda mbali hutanuka, pikipiki ni nyembamba, kwa hiyo unaikosa na kumpima aliye nyuma. Hilo hata mimi niliyeishia shule njiani nalijua. Afande halijui? Analijua sana.

Lakini kilichotuchoma zaidi kilitokea hapa hapa kwetu. Siku ile ile ya karatasi, haijafika saa nne, ofisi ya usafiri ilikuwa imeshalikwangua jina lake kwa wembe kwenye ubao wa Madereva Wasio na Kosa, pale koridoni. Hakuitwa, hakuulizwa. Miaka thelathini na moja upande huu, karatasi moja upande ule, na ikaaminiwa karatasi. Aibu tupu! Mzee hakupiga kelele. Alisema tu kwamba haondoki kazini mpaka jina lirudi.

Akapiga pasi sare yake, akaipeleka pikipiki kituoni. Akamwambia mkuu wa trafiki, "Afande, mpandishe mtu wako, akamue mpaka mwisho, na wewe umpige tochi." Askari mmoja akapanda, akaikamua uwanjani kwao mpaka ikalia kama mbuzi. Arobaini na nane. Akashuka akiuliza kama ni mbovu. Ndipo mzee akawafunulia: kwenye waya wa mafuta amefunga kipande cha bati kinachouzuia usivutike wote, kimeshaliwa na kutu, mwaka wa kumi na tisa sasa, ili hata siku akijisahau asikimbize damu za watu. Hata fundi wetu hakujua! Kosa likafutwa palepale, kwa muhuri.

Ofisi yetu ilihitaji siku tisa zaidi kusoma muhuri huo. Siku tisa! Jumatano ndipo mkuu wa usafiri alipopanda kiti, brashi mkononi, akaliandika jina upya tukiwa tumesimama wote tunamtazama. Hakuna aliyemshikia kiti. Mzee aliyaangalia maandishi, akasema, "Haya, sasa naweza kupumzika," akavaa helmeti, akaenda kuchukua sampuli za saa nane.

Mzee wetu, asante kwa kila chupa iliyofika salama na kwa kila honi. Tunakuombea afya njema, usingizi mnono na miaka mingi na Mama na wajukuu. Na atakayekumulika tena kwa uongo, atukute sisi kwanza.